Umefiwa na Nani? Kumlilia Sili Mwenye Namba

Ukisema umefiwa, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: umefiwa na nani? Jibu lako ndilo linaloamua mengine yote. Ukisema baba au mama, watu wanaacha shughuli zao wanakuja. Ukisema shangazi, bosi anakupa siku chache. Jirani je? Unachangia, unakwenda kuzika, na alasiri unaweza kuonekana dukani kwako. Kila uhusiano una kipimo chake, na hata mtu asiyekufahamu vizuri anajua akupe pole ya ukubwa gani.

Sasa jaribu kujibu hivi: nimefiwa na sili.

Najua umetabasamu kidogo. Usijali, hata huko Hawaii wapo wanaotabasamu. Kule kuna watu mia kadhaa wanaojitolea, bila mshahara, kukaa ufukweni kulinda mnyama ambaye wamebaki wachache sana duniani. Mnyama huyo akifa, wanaomboleza kweli, na mara nyingi hawana pa kuupeleka msiba wao. Katika makala hii nataka nikueleze kwa nini wanaumia kiasi hicho, na sayansi ya huzuni inasema nini juu yake. Mimi naona maumivu yao yametoka mlemle ilimotoka kazi iliyowaokoa sili hawa: wanafahamika mmoja mmoja.

Tuanze na mnyama mwenyewe.

Sili ni mamalia wa baharini mwenye mapezi badala ya miguu. Pwani yetu ya Afrika Mashariki haina sili; wengi wao ni wa maji ya baridi. Lakini kuna kundi dogo la ajabu linaloishi kwenye maji ya joto, linaloitwa sili watawa. Waliitwa watawa kwa sababu mikunjo ya ngozi shingoni inafanana na kofia ya joho la mtawa, na pia kwa sababu hupenda kukaa peke yao. Walikuwa wa aina tatu: wa Mediterania, wa Karibi na wa Hawaii. Huyo wa Karibi tutarudi kwake baadaye.

Wa Hawaii kisayansi anaitwa Neomonachus schauinslandi. Wenyeji wa visiwa hivyo humwita ʻīlio holo i ka uaua, yaani mbwa akimbiaye kwenye maji yaliyochafuka. Akikua anapita urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, na akibahatika anaweza kuishi miaka 30 hivi. Kwenye nchi kavu ya Hawaii mamalia wa asili wanaoonekana ni wawili tu, yeye na aina moja ya popo. Wengine wote, kuanzia panya hadi ng'ombe, waliletwa na watu. Paka pia aliletwa. Mkumbuke huyo paka, ana sehemu yake katika habari hii.

Wamebaki wangapi? Takriban 1,600. Ungeweza kuwaandikisha wote katika shule moja kubwa ya sekondari. Karibu 1,200 wanaishi kwenye visiwa vidogo vya mbali, kaskazini-magharibi, ambako hakuna makazi ya watu. Wanaobaki, kama 400, wako kwenye visiwa vikuu vyenye miji, hoteli, wavuvi na watalii. Mia nne ni wageni wa harusi moja ya Dar es Salaam, tena si ile harusi kubwa. Ukimtoa mgeni mmoja harusini, huenda hakuna atakayegundua. Ukimtoa sili mmoja jike, umetoa na watoto ambao angezaa kwa miaka kumi na zaidi ijayo, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mkupuo.

Kazi ya hao wanaojitolea ukiitazama kwa juu utasema ni ya kuchosha tu. Sili hupanda ufukweni kulala. Analala kama gogo, saa nyingi, pengine siku nzima, mchanga umemjaa usoni. Mtalii anayepita anadhani mnyama ni mgonjwa, au amekwama, basi anataka kumrudisha majini, kumwagia maji, au kupiga naye picha. Mtu wa kujitolea anafika, anachomeka fimbo chache mchangani, anazungusha kamba, anaweka kibao. Umbali unaoshauriwa ni mita 15. Kama ni mama na mtoto, mita 45. Kisha anasimama pale juani na kujibu maswali. Swali linaloulizwa kuliko yote ni: "Amekufa?" Naye anajibu, kwa mara ya arobaini siku hiyo: "Hapana, amelala tu."

Halafu anaandika. Saa ngapi, ufukwe gani, hali ya mnyama, na kubwa zaidi: ni nani huyu? Sili wengi wamevalishwa hereni za plastiki zenye herufi na namba, kama zile za mifugo, ila hizi huwekwa kwenye pezi la nyuma. Wengine huandikwa namba ubavuni kwa dawa ya kupaushia nywele, ileile ya saluni. Alama hiyo inadumu mpaka mnyama abadilishe manyoya, jambo analofanya mara moja kwa mwaka. Na mlinzi mzoefu wala hahitaji hereni. Anamjua kwa kovu la papa mgongoni, kwa doa la rangi, kwa namna anavyojiviringisha.

Kumbukumbu hizi za sili mmoja mmoja zimekusanywa tangu miaka ya mwanzo ya 1980. Kwa mwanafunzi wa ikolojia hiyo ni hazina, maana ni wanyama wachache wa porini ambao unaweza kufuatilia maisha yao hivyo, nani alizaliwa wapi na mama yake ni yupi. Ndiyo iliyowezesha pia kuwaokoa. Ukijua sili fulani jana hakuwa na ndoana mdomoni na leo anayo, unaita daktari leo. NOAA, idara ya Marekani ya bahari na angahewa, inakadiria kwamba karibu asilimia 30 ya sili hawa walio hai leo wapo kwa sababu wao wenyewe, au mama au bibi yao, waliwahi kusaidiwa na binadamu: kutolewa ndoana, kukatwa nyavu zilizowafunga, kuunganishwa na mama aliyepotezana na mtoto, kuhamishiwa mahali salama zaidi. Tangu 2016 wanapewa hata chanjo, dhidi ya kirusi cha jamii moja na surua ambacho kimeua sili wengi sehemu nyingine za dunia. Baada ya miongo mingi ya kupungua, tangu 2013 idadi yao imekuwa ikipanda kwa karibu asilimia 2 kwa mwaka.

Kuna jike mmoja wa Oʻahu aliyepewa jina la Honey Girl. Mwaka 2012 alipatikana amekonda vibaya, ndoana ya mvuvi imemwingia na uzi wake umemkata ulimi. Madaktari walimfanyia upasuaji, wakaondoa sehemu ya ulimi, wakamrudisha baharini wakiwa hawana hakika kama ataweza kula. Aliweza, na baadaye akazaa tena. Visa vya namna hii ndivyo vinavyomrudisha mtu ufukweni kila Jumamosi asubuhi.

Sasa tazama kinachotokea kichwani mwa mtu huyo.

Mary-Frances O'Connor, mtafiti wa ubongo katika Chuo Kikuu cha Arizona, anaieleza huzuni kama aina ya kujifunza. Ubongo, anasema, una ramani ya wale tuliowazoea: wako wapi, tutawaona lini, tuko karibu nao kiasi gani. Ramani hiyo inachorwa kwa kurudiarudia. Kila unapotoka kazini ukamkuta mtu wako nyumbani, mstari wake unakolea. Akifa, ramani haifutiki siku hiyo. Ubongo unaendelea kutabiri kwamba yupo, na kila utabiri unapogonga ukuta, unaumia upya. Ndiyo maana mfiwa anaweza kusikia geti likigongwa na kusema moyoni, "huyo amefika," kabla hajakumbuka.

Kuna jaribio la panya linalosaidia kuliona hili. Watafiti nchini Norwei, katika maabara ya May-Britt na Edvard Moser, waliokuja kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2014, walikuwa wakisikiliza seli za ubongo wa panya aliyekuwa akizunguka kwenye kisanduku. Waliweka kitu mahali fulani, panya akakizoea, kisha wakakiondoa. Baadhi ya seli ziliendelea kuwaka kila panya alipofika pale kitu kilipokuwa. Siku kadhaa baadaye bado zilikuwa zinawaka kwa ajili ya kitu kisichokuwepo.

Rudi ufukweni sasa. Mlinzi wetu amefika sehemu ileile, pengine kwa miaka minane, akitafuta umbo lilelile jeusi kwenye mchanga. Amefunzwa kufanya hivyo! Kazi yake nzima ni kutabiri: leo yuko nyuma ya jiwe lile, juzi alikuwa kwenye kile kihori. Hata ukitaka kutengeneza mazoezi ya kumfanya mtu aumie kwa kumkosa mnyama, hutapata mazuri kuliko hayo. Na ikiwa alimwona akizaliwa, mazoezi yanakuwa makali zaidi. Mama sili hunyonyesha kwa wiki tano hadi saba bila kula chochote. Anakonda mbele ya macho yako huku mtoto, aliyezaliwa mweusi tii na mwepesi, anavimba kama mpira. Kisha siku moja mama anaingia majini na harudi, na mtoto anabaki peke yake kujifunza uvuvi. Mwaka 2017 jike aitwaye Rocky alizaa pale Kaimana, ufukwe wa Waikīkī, katikati ya mahoteli. Walinzi wa kujitolea walipeana zamu kwa wiki zote hizo. Ukishakaa hivyo na mtoto wa kiumbe yeyote, mimi sidhani kama una uhuru wa kuchagua kumpenda au kutompenda.

Msiba bila matanga

Mwaka 1989 Kenneth Doka, mtaalamu wa huzuni wa Marekani, aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui. Hoja yake ni rahisi. Kila jamii ina kanuni zisizoandikwa kuhusu nani anaruhusiwa kuomboleza, kwa ajili ya nani, kwa muda gani. Ukiwa nje ya kanuni hizo, unabeba mizigo miwili: wa kufiwa, na wa kuficha kwamba umefiwa. Mke wa siri, mama aliyeharibikiwa mimba changa, mtu aliyefiwa na mbwa wake, wote hao wanajua anachosema.

Sisi tunaweza kulielewa hili haraka, maana lugha yetu imezipanga kanuni hizo wazi. Mtu amefariki, mnyama amekufa. Mtu anaacha maiti, mnyama anaacha mzoga. Mtu ni marehemu. Jaribu kusema "marehemu sili" mbele ya bibi yako uone. Na kuna matanga. Tukiyatazama kama watu wa sayansi, matanga ni kifaa cha ajabu kwa ile ramani ya ubongo. Watu wanakuja kwako, wanalala kwako, wanapika, wanalitaja jina la aliyeondoka kwa wakati uliopita, tena na tena, mpaka masikio yako yazoee. Kisha matanga yanaanuliwa na mnaambiwa rudini kazini. Mlinzi wa sili hana kikao cha namna hiyo. Anapata ujumbe wa simu saa tatu usiku, na kesho yake saa mbili asubuhi yuko ofisini anaulizwa ripoti ya mwezi. Akijitahidi kueleza anajibiwa, "Lakini si wapo wengine?"

Wengi wao hawapati hata ujumbe. Sili anayekufa mara nyingi anafia baharini na mzoga hauonekani. Kinachoonekana ni kimya. Mwezi wa kwanza hakuna aliyemwona. Labda amehamia kisiwa kingine, wanafanya hivyo. Mwezi wa sita, bado. Mwaka. Hakuna siku ambayo unaweza kusema ndiyo hii. Pauline Boss, aliyeanza kutafiti familia za watu waliopotea miaka ya 1970, aliliita jambo hili hasara isiyo na uhakika, na alionyesha kwamba ni ngumu kuliko kifo chenye kaburi, kwa sababu tumaini linakuzuia usianze kuomboleza. Familia za wavuvi wa pwani yetu hazihitaji kufundishwa hili na profesa. Mtumbwi ukipatikana mtupu, kuna nyumba ambayo kwa miaka haitajua kama ipike khitma au iendelee kungoja.

Kwa hiyo mzoga ukipatikana, ajabu ni kwamba kwa baadhi ya walinzi hiyo ni nafuu. Unazungushiwa kamba ileile. Mtu anaulinda mpaka wataalamu wafike, na swali linakuja lilelile, ila safari hii jibu limebadilika. Kisha unapelekwa kupasuliwa. Sampuli zinachukuliwa za ubongo, mapafu, tumbo, ili ijulikane kilichomuua. Wakati mwingine wenyeji wa Hawaii wanaoshika mila huitwa kumwombea na kumuaga mnyama, maana kwao si mgeni. Yumo katika jamaa ya viumbe wa bahari hiyo.

Majibu ya upasuaji huo hayafanani, na huzuni nayo inabadilika kulingana na jibu. Sili aliyeliwa na papa anasikitisha, lakini bahari ndivyo ilivyo. Ngumu ni haya mengine mawili.

La kwanza ni mkono wa binadamu. Kwenye visiwa vikuu wapo sili waliopigwa risasi au kupigwa hadi kufa, ingawa sheria ya jimbo la Hawaii tangu 2010 inalihesabu hilo kuwa kosa kubwa la jinai. Jike mdogo aliyeitwa Malama alikuwa ametunzwa katika hospitali ya Ke Kai Ola, iliyofunguliwa mwaka 2014 kisiwa cha Hawaiʻi mahususi kwa sili hawa, kwa sababu ya utapiamlo. Alinenepeshwa, akarudishwa baharini Oʻahu. Machi 2023 alipatikana amekufa, na uchunguzi ukaonyesha alipigwa kwa makusudi. Wataalamu wa majonzi wanajua kwamba kifo cha kuuliwa kinakwamisha ile kazi ya kujifunza, kwa sababu akili inarudi kwenye swali la nani na kwa nini. Na mlinzi anarudi ufukweni kusimama mbele ya watu, mmoja wao pengine ndiye.

La pili ni paka.

Kuna kimelea kinachoitwa toksoplasma. Kinaweza kuishi ndani ya wanyama wengi, hata ndani yako na mimi, lakini kinakamilisha uzazi wake ndani ya tumbo la jamii ya paka peke yake. Paka mmoja aliyeambukizwa anaweza kutoa mamilioni ya vijiyai kwenye kinyesi chake. Vijiyai hivyo ni vigumu kufa, vinakaa udongoni miezi mingi. Mvua inanyesha, inavisomba hadi mtoni, mto unavipeleka baharini, navyo vinaendelea kuishi kwenye maji ya chumvi. Sili anavimeza. Kwa kuwa visiwa hivi havikuwahi kuwa na paka kabla ya meli za Wazungu, sili wa huko hawakukutana na ugonjwa huu kwa maelfu ya miaka. Ukimpata mmoja unashambulia viungo vyake kimoja baada ya kingine, na mara nyingi anapoonekana mgonjwa huwa amechelewa. Zaidi ya sili 10 wamethibitishwa kufa kwa toksoplasmosisi tangu 2001, na majike wamekuwa wengi zaidi. Jike aitwaye Pōhaku alipatikana akiwa bado hai, akatibiwa kwa miezi kadhaa Ke Kai Ola mwaka 2020. Alikufa. Chanjo ya kumkinga sili na kimelea hiki haipo.

Sasa fikiria. Oʻahu ina paka wengi sana wasio na mwenyewe, na wapo watu wanaojitolea kuwalisha. Nao wanaamka alfajiri, nao wanajua kila paka kwa jina, nao wanalia paka wao akigongwa na gari. Kila hoja niliyokuandikia juu ya ramani ya ubongo inawahusu na wao vilevile. Makundi haya mawili yanaweza kukaa mtaa mmoja. Mlinzi wa sili akipata majibu ya maabara yenye neno toksoplasmosisi, mtu anayemkasirikia ana bakuli la chakula cha paka mkononi na macho yenye huruma kama ya kwake. Mimi kwa upande wa sayansi naona jibu liko wazi, paka wasizurure karibu na bahari hiyo. Lakini usinielewe vibaya, uwazi wa sayansi haumpunguzii mtu yeyote pale maumivu, na sijaona bado njia ya kulitekeleza ambayo haimlizi mtu.

Je, tusingewapa majina?

Baadhi ya watu husema dawa ni rahisi: acheni kuwapa majina, tumieni namba. Hoja hii tunaijua sisi kuliko wengine, kwa sababu ilipiganiwa kwenye ardhi yetu. Jane Goodall, ambaye sasa ni marehemu, alipoanza kuwachunguza sokwe wa Gombe, Kigoma, mwaka 1960, aliwaita kwa majina. Wasomi wa Cambridge wakamwambia hiyo si sayansi, awape namba. Akakataa. Mmoja wa sokwe hao, mama mzee aitwaye Flo, alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la London lilichapisha taarifa ya kifo chake kama ya mtu mashuhuri. Mwanawe Flint alikufa wiki chache baadaye, baada ya kunyong'onyea karibu na pale mama yake alipofia.

Kwa sili wa Hawaii, mambo yote mawili yanatumika: namba ya hereni kwenye kumbukumbu, na jina mdomoni. Na nikikuuliza kama namba inakinga moyo, angalia jinsi walinzi wanavyozitamka zile herufi na namba. Zimekuwa majina. Ubongo unajali umemwona mara ngapi, haujali unamwitaje.

Kinachosaidia ni kitu kingine. Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walipendekeza mwaka 1999 kwamba mfiwa hapiti hatua moja baada ya nyingine kama ngazi. Anayumba huku na huko. Saa hii anaukabili msiba, analia, anatazama picha. Saa nyingine anauacha, anarekebisha maisha, anafanya lililo mbele yake. Kuyumba huko ndiko kunakoponya, na mtu akikwama upande mmoja ndipo taabu inapoanza. Kwa mlinzi wa sili, upande wa pili uko tayari: kesho kuna sili mwingine amelala na watalii wanakaribia. Kinachokosekana ni upande wa kwanza. Kwa hiyo vikundi vya kujitolea vikitaka watu wao wasichoke na kuondoka, kuna mambo madogo yenye uzito. Mlinzi aambiwe na mtu, kabla hajasoma kwenye habari. Aelezwe majibu ya upasuaji hata yakichukua miezi. Pawe na saa moja ya kukaa pamoja na kulitaja jina. Kwa kifupi, matanga, hata yawe ya dakika sitini na chai.

Na hapa kwetu je? Mwaka 2018, tarehe 19 Machi, faru Sudan alikufa Ol Pejeta, Kenya, na dunia nzima ikatoa pole kwa walezi wake, kwa sababu alikuwa dume wa mwisho wa faru weupe wa kaskazini. Huyo alipata matanga yake. Lakini tuna pia nguva, mnyama anayefanana na sili kwa maisha ya majini ingawa ukoo wake uko karibu zaidi na tembo. Nguva wa Afrika Mashariki wamewekwa tangu 2022 kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Wakubwa wenye uwezo wa kuzaa wanakadiriwa kuwa chini ya 250, wengi wao wakiwa Bazaruto, Msumbiji. Kwenye maji ya Kenya na Tanzania, kumwona mmoja tu ni habari. Hawana hereni, na hakuna anayejua ni yupi aliyenaswa kwenye jarife mwaka jana.

Hilo linanirudisha kwa sili wa Karibi. Kwa karne kadhaa watu walimuua kwa ajili ya mafuta yake. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa 1952, kwenye miamba ya Serranilla, kati ya Jamaika na Nikaragua. Wataalamu walimtafuta kwa vipindi miaka mingi, na mwaka 2008 serikali ya Marekani ikatangaza rasmi kwamba ametoweka. Kati ya miaka hiyo miwili imepita 56. Mahali fulani katikati yake alikufa wa mwisho, na siku ile hakuna aliyekuwa ufukweni na kamba, kibao na daftari.